Kero ya Cairo: Barua ya wazi kwa wenye dhamana na Commercial Avenue

Kwenu Waheshimiwa:
Viongozi wa mji wa Cairo na wa Kaunti ya Alexander;
Wabunge na watendaji wa jimbo la Illinois;
Maofisa wa serikali kuu ya Marekani mliokabidhiwa mito, makazi na majengo ya kale.

YAH: MADUKA YA KALE YA COMMERCIAL AVENUE YANAYOANGUKA TUKIYATAZAMA

Salaam.

Mji wenu huandikwa Cairo, lakini wenyeji hawautamki kama Kairo ya Misri. Wao husema Kero. Aliyenisahihisha mara ya kwanza alikuwa mama mmoja mtu mzima, tukiwa kwenye foleni ya kulipia mafuta, nami nikacheka mpaka akaniuliza kulikoni. Nikamweleza kwamba kwetu kero ni jambo linalomchosha mwananchi, na kwamba Tanzania kiongozi akitembelea wilaya hutandikiwa turubai na kupangiwa viti vya plastiki ili asikilize kero. Yeye hakucheka. Alisema, "Basi jina letu mnalijua kuliko sisi."

Mimi ni dereva wa lori. Nilizaliwa Pangani, naishi Illinois ya kusini, na kazi yangu hunipitisha kwenye ncha ya jimbo, pale mto Ohio unapomwagika ndani ya mto Mississippi, mara mbili au tatu kwa mwezi. Huku dereva hana utingo wa kupiga naye soga, kwa hiyo saa za mapumziko nazimalizia kwa miguu. Commercial Avenue nimeitembea wakati wa theluji na wakati wa joto lile la kunata linalotoka mtoni. Nimesimama mbele ya maduka ya tofali za kuchoma, yenye madirisha ya tao na nakshi chini ya paa, nikachungulia ndani nikaona miti. Sisemi magugu, nasema miti, yenye shina nene kuliko mkono wangu. Paa limeangukia sakafu, sakafu imeangukia chumba cha chini, na mbegu zilizodondoshwa na ndege zimepata udongo, mvua na jua, vitu vitatu ambavyo mwenye duka wa kwanza alilipa fedha nyingi kuvizuia visiingie.

Sikukimbilia hadharani. Kwa zaidi ya mwaka nimefuata utaratibu: barua mbili za posta, barua pepe nilizoacha kuzihesabu, simu za wakati wa chakula cha mchana nikiwa nimeegesha kando ya barabara. Ofisi sitazitaja, maana waliopokea simu zangu walikuwa watu wa heshima na kosa si la mpokea simu. Ofisi ya kwanza ilinielekeza kwa ya pili. Ya pili ikasema jambo hilo ni la ya tatu. Ya tatu ikaniuliza kama mimi ni mwenye jengo. Nikasema hapana. Ikaniuliza kama mimi ni mkazi wa mji. Nikasema hapana. Kukawa kimya kidogo, halafu nikatakiwa kila la heri.

Barua hizo zote niliandika kwa Kiingereza. Hii naiandika kwa Kiswahili, kwanza kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kukasirika nayo bila kutafuta maneno, pili kwa sababu Waswahili wenzangu tunaoendesha malori barabara hii ya I-57 tupo, na bango la Cairo tunaliona na kulipita. Mkihitaji tafsiri nitaileta kwa mkono wangu.

Hoja zangu naziweka kwa namba, kwa kuwa mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi serikalini alinidokeza kwamba barua isiyo na namba haina wa kuijibu.

1. Mtaa umo kwenye orodha, ila orodha haizuii mvua.

Mwaka 1979 eneo la kale la biashara la Cairo liliingizwa kwenye Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria. Mgeni akisoma hivyo, kama nilivyosoma mimi, hudhani mtaa umelindwa. Haukulindwa. Sheria ya mwaka 1966 iliyoanzisha orodha hiyo inamwachia mwenye jengo uhuru wake: akitumia fedha zake mwenyewe anaweza kulibomoa kesho asubuhi bila kumbishia hodi mtu yeyote wa Washington. Kifungu cha 106 cha sheria hiyo kinaibana serikali kuu peke yake. Palipo na fedha yake au kibali chake, ni lazima kwanza ipime madhara yatakayolipata eneo la kihistoria na kuwasikiliza wahusika. Kinga ya kweli, ile ya kumzuia mtu mkono, hutoka kwenye sheria ndogo za mji, tena zikiwa na bajeti na mkaguzi wa kuzisimamia.

Na hata sheria ndogo kali kiasi gani haiwezi kuiamrisha mvua. Watu hudhani jengo la tofali huuawa na kijiko, ile mashine ya kubomolea. Nimeyatazama haya kwa ukaribu, nikijua kidogo ujenzi kutoka kwa baba yangu mdogo, na naweza kuwaeleza linavyokufa. Mfereji wa bati huziba majani, maji yakarudi nyuma chini ya paa. Boriti huozea kichwani, pale inapoingia ukutani. Ukuta ukishakosa boriti ya kuushika hujitokeza nje kama tumbo la mtu aliyekula daku mbili. Januari inapofika, maji yaliyonyweka kwenye tofali huganda, yakaipasua kwa ndani. Hapo ndipo mkaguzi huja na kuandika kwamba jengo ni hatari kwa wapita njia, na huwa anasema kweli. Kazi ya kubomoa imeshafanywa na miaka 20 au 30 ya kutofanya kitu. Kijiko huja kupokea sifa tu.

Ninacholalamikia ni hiyo miaka, Waheshimiwa. Paa likiwa na tundu la ukubwa wa sahani, tiba yake ni fundi, ngazi na siku moja. Tundu likiwa la ukubwa wa chumba, mnaanza kuitana vikao.

2. Msiutwishe mto dhambi isiyo yake.

Kila ninayemwuliza kwa nini mtaa umekufa hunipa jibu la jiografia. Ni mto, huniambia, ni mafuriko, ni meli kuisha, ni barabara kuu kupita pembeni. Sehemu ya jibu hilo naikubali. Kabla ya mwaka 1889 treni za kampuni ya reli ya Illinois Central zilivushwa mto Ohio kwa kivuko hapahapa Cairo. Daraja la reli lilipofunguliwa mwaka huo, mizigo ikapita juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakiishi kwa kuipakia na kuipakua. Daraja la I-57 lilifunguliwa 1978, na tangu hapo mtu anaweza kutoka Illinois kuingia Missouri bila kuliona duka hata moja la Commercial Avenue. Mimi mwenyewe hufanya hivyo nikiwa nimechelewa. Jambo hili silisomi kitabuni. Pangani ilikuwa bandari ya misafara. Wajerumani wakaanzisha reli yao Tanga, na hadi leo nyumba za wafanyabiashara zilizo kando ya mto kwetu zinamomonyoka polepole, kila masika kipande.

Lakini nendeni Paducah. Iko Kentucky, kando ya mto huohuo Ohio, chini ya saa moja kwa gari kutoka Cairo. Mwaka 1937 Ohio ilifurika vibaya kuliko ilivyokumbukwa na mtu, ikaimeza Paducah karibu yote na watu zaidi ya 25,000 wakahamishwa. Cairo, iliyo chini ya mji huo na yenye mito miwili badala ya mmoja, ilisimama nyuma ya tuta lake ikiwa kavu. Sasa linganisheni. Paducah iliyozama ina mtaa wa kale wa biashara unaoishi, na tangu mwaka 2000 mji ule uliwaita wasanii kutoka kila upande, nyumba nyingine mbovu zikauzwa kwa dola moja kwa atakayeahidi kuzifufua. Mwaka 2013 ukaingizwa kwenye mtandao wa miji ya ubunifu wa UNESCO. Cairo iliyobaki kavu ndiyo yenye miti ndani ya maduka. Mkitaka mji mwingine wa mto uleule, pandeni zaidi hadi Madison, Indiana, ambako mtaa wa maduka ya karne ya 19 umesimama na watu wananunua viatu ndani yake. Maji yanayopita Madison ndiyo hayohayo yanayofika Cairo siku chache baadaye.

Kilichoua mtaa huu kilitembea kwa miguu miwili, na kilitembea juu ya lami hiyohiyo.

Usiku wa tarehe 11 Novemba 1909, maelfu ya watu walimleta Will James, mtu mweusi aliyetuhumiwa mauaji na ambaye hakuwa amehukumiwa na mahakama yoyote, hadi kwenye makutano ya barabara ya 8 na Commercial. Palikuwa na tao la chuma lenye taa za umeme, fahari ya wafanyabiashara wa mji. Taa ziliwashwa ili watu waone vizuri. Waliyomfanyia sitayaandika yote. Kamba ilikuwa mwanzo tu. Usiku huohuo umati ukamtoa jela mzungu mmoja naye akauawa.

Naomba mkumbuke pia kilichofuata, kwa sababu ni habari ya malalamiko yaliyosikilizwa. Ida B. Wells, mwandishi wa habari mweusi aliyepigana na mauaji ya namna hii, alipanda treni kutoka Chicago, zaidi ya kilomita 550, akakusanya ushahidi wa wakazi weusi wa Cairo, kisha akaupeleka mbele ya gavana wa Illinois mjini Springfield. Sheria ya jimbo ya 1905 ilisema sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, ambaye mahabusu wake ananyakuliwa na umati hupoteza kazi. Sherifu alikuwa akiomba arudishwe. Gavana Deneen alikataa. Mama mmoja, karatasi zake mkononi, alimshinda mtu mwenye bunduki na marafiki.

Halafu ikaja miaka ya 1960. Wakazi weusi walikuwa zaidi ya theluthi ya mji na walinunua kwenye maduka haya kila siku, lakini nyuma ya kaunta hawakuwamo. Bwawa la kuogelea lilifungwa kuliko wazungu na weusi waogelee pamoja. Julai 1967 askari wa miaka 19 aliyekuwa likizo, Robert Hunt, alikutwa amekufa ndani ya kituo cha polisi, na wakazi weusi wengi hawakuyakubali maelezo ya kwamba alijinyonga. Raia wazungu wakaunda kundi la kujihami lililoitwa White Hats, yaani Kofia Nyeupe, wakazunguka mitaani na silaha. Mwaka 1969 United Front ya Cairo, umoja wa wakazi weusi wa kudai haki zao, chini ya Mchungaji Charles Koen, ikatangaza kususia maduka mpaka yaajiri watu weusi. Mgomo ulidumu miaka. Wenye maduka walikuwa na chaguo mbele yao, na wengi wao wakachagua kufunga. Mzee mmoja niliyemkuta ameketi nje ya kanisa alinieleza kwa sentensi ambayo siisahau: "Waliona heri wasiuze kabisa kuliko kumwajiri dada yangu."

Kwa hiyo mkisema "mto", mnawafundisha vijana wa mji huu kwamba umaskini wao ni hali ya hewa.

3. Nafuu ya kodi ilishonwa kwa kimo cha mtu mwingine.

Hapa nitakuwa mfupi, kwani ninyi mnazijua hesabu hizi kuliko mimi. Serikali kuu hutoa nafuu ya kodi ya asilimia 20 kwa anayekarabati jengo la kihistoria la biashara, na tangu mabadiliko ya 2017 nafuu hiyo hugawanywa kwa miaka mitano. Chukueni ukarabati wa dola milioni moja: nafuu ni dola 200,000, yaani 40,000 kwa mwaka. Ni fedha nzuri. Lakini ni lazima kwanza uwe na hiyo milioni, halafu uwe na kodi ya kutosha unayodaiwa ili nafuu iwe na kitu cha kupunguza. Kanisa halidaiwi kodi hiyo, wala chama cha ushirika kinachopata faida ya vumbi, wala mji wenyewe. Wenye moyo na mtaa huu ndio hasa ambao nafuu haiwafikii, mpaka watafute mwekezaji wa mbali wa kuwauzia, na mwekezaji wa mbali akiangalia kodi ya pango ya Cairo hufunga kompyuta yake.

Jimbo nalo lina nafuu yake ya asilimia 25. Tena lina sheria maalumu ya kufufua miji iliyo kandokando ya mito, yenye nafuu yake ya majengo ya kale. Niliposoma jina la sheria hiyo nilifurahi. Miji iliyoruhusiwa nafuu ilipoanza ilikuwa Aurora, East St. Louis, Elgin, Peoria na Rockford. Nawatakia heri wote. Lakini mniwie radhi: mtu anatungaje orodha ya miji ya mitoni ya Illinois akausahau mji unaokutanisha Ohio na Mississippi? Ni kama kuandaa orodha ya visiwa vya karafuu ukaacha Pemba.

4. Fedha zikija Cairo, huja kuondoa.

Serikali kuu iliichukua mamlaka ya nyumba ya kaunti mwaka 2016, na mwaka uliofuata wapangaji karibu 400 wa nyumba za umma za Elmwood na McBride wakaambiwa nyumba zao hazikaliki tena, wahame. Nyumba zilikuwa mbovu kweli. Lakini watu 400 katika mji kama huu ni wateja, ni wanafunzi, ni kwaya. Sensa ya 1920 ilihesabu watu 15,203 Cairo. Ya 2010 ilihesabu 2,831. Ya 2020 ilihesabu 1,733. Katika miaka hiyo kumi hakuna kaunti Marekani nzima iliyopoteza sehemu kubwa ya watu wake kuliko Alexander. Duka la vyakula lilifungwa 2015, na wakazi wakakaa miaka minane wakivuka mto kwenda kununua maziwa, hadi Juni 2023 lilipofunguliwa duka la ushirika la wananchi wenyewe.

Ndiyo maana napoona ua mtupu wa kokoto mahali palipokuwa na duka la ghorofa mbili, siulizi kwa nini lilibomolewa. Nauliza fedha ya kubomoa ilipatikanaje haraka hivyo, na ile ya kuziba paa ikakosekana.

Hizo ndizo kero. Sasa niyajibu mapema mtakayosema, tusipotezeane stempu.

Mtasema: hakuna watu, maduka ni ya nini? Mwaka 2011, mito ilipofurika, Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kililipua tuta la Birds Point upande wa Missouri tarehe 2 Mei usiku, kikaacha maji yafunike mashamba ya ekari kama 130,000 ili kuishusha mito, na Cairo ikaokoka. Wakulima wa Missouri walilia, na walikuwa na haki ya kulia. Siku hiyo serikali ilikata shauri kwamba mji huu una thamani ya ekari zote hizo. Tangu lini ukawa hauna thamani ya turubai la paa?

Mtasema majengo ni hatari. Mengine ni hatari, na yaliyo hatari yaangushwe. Sitaki mtoto afe kwa ajili ya nakshi. Ila hatari hiyo iandikwe na mhandisi anayejua majengo ya kale, jengo kwa jengo, isiamuliwe na mtu aliyekaa ndani ya gari amefungua kioo nusu.

Mtasema wenye mali hawapatikani, kwamba wengine wamekufa na warithi wametawanyika majimboni. Kaunti huwapata vizuri sana inapodai kodi ya ardhi.

Mtasema bandari inakuja. Jimbo lilitangaza dola milioni 40 mwaka 2020 kwa ajili ya bandari mpya ya mto hapa Cairo. Naiombea bandari hiyo kila nikipita, maana bandari ni kazi kwa vijana na mizigo kwa watu kama mimi. Lakini meli ya kwanza ikitia nanga, wafanyakazi wake watakula wapi, watanyoa wapi, watalala wapi? Mkisubiri bandari ndipo mtafute mtaa, hamtakuwa na mtaa. Mtajenga mabanda ya bati kando ya barabara kuu na kuyaita maendeleo.

Na mtasema, au mtawaza bila kusema: huyu mgeni anatafuta nini? Swali halali. Mimi ni mgeni, nalipa kodi Illinois, na nimeona mji mmoja ukimomonyoka nikiwa mtoto asiyeweza kuandika barua.

Ninachoomba si kikubwa. Sijaomba makumbusho, wala sanamu, wala mtaa uwe wa watalii wa kupiga picha za magofu. Hao wapo tayari, huja na kamera ghali na kuondoka bila kununua hata soda.

Naomba kwanza daftari la majengo. Kila jengo lililosalia ndani ya eneo lililoorodheshwa 1979 liandikwe: mwenyewe nani, kodi yake imelipwa hadi lini, paa lina hali gani, kuta zina hali gani, na nani aliamua nini juu yake. Libandikwe mahali ambapo mkazi wa kawaida atalisoma bila kuomba ruhusa.

Naomba pia mfuko mdogo wa kuziba. Uwe wa paa, mifereji na mbao za madirisha peke yake, na utoe ruzuku badala ya nafuu ya kodi, ili kanisa na ushirika viweze kuugusa. Na jengo lisibomolewe kwa fedha za umma kabla haijaandikwa wazi ingegharimu kiasi gani kulifunika.

Likibomolewa, lipigwe picha na kupimwa, na tofali zake, milango na nguzo za chuma vibaki Cairo. Tofali za kale huuzwa kwa bei nzuri kwa wajenzi wa mijini. Sioni kwa nini mji upoteze ukuta na bei ya ukuta siku moja.

Sheria ya miji ya mitoni isomwe upya kwa kutumia ramani.

Na wakazi wenyewe, hasa wale waliosimama nje ya maduka haya na mabango mwaka 1969 na ambao wangali hai, waulizwe mtaa huu uwe nini. Wao walifukuzwa kwenye kaunta zake. Itakuwa ajabu ya pili wakifukuzwa kwenye kikao cha kuamua juu ya magofu yake. Pale barabara ya 8 kisimuliwe kisa chote: tao, taa, Will James, na mama aliyepanda treni kutoka Chicago na karatasi zake.

Jumba la forodha la 1872 lingali limesimama, kwa hiyo hakuna atakayeniambia kwamba jengo la kale la Cairo haliwezi kutunzwa. Ukumbi wa sinema wa Gem, uliofunguliwa 1910 na kufungwa 1978, unangoja kuambiwa kama ni wa kufufuka au wa kuzikwa. Kungoja huko ndiko kunakoua.

Mimi nimeshaanza daftari hilo la majengo kwa mkono wangu, jengo moja moja, na picha za kila ukuta, kuanzia siku nilipoona mti wa kwanza. Lina makosa ya mtu asiye mhandisi. Nitalileta kwenye ofisi yoyote itakayosema kwamba jambo hili ni lake.

Wenu katika kero,

Dereva wa lori, mzaliwa wa Pangani,
Illinois ya kusini